Shingo ya Anjelina

Siku mkono wa kulia wa Anjelina ulipokufa, alikuwa anakata kitambaa cha kochi, na mteja kutoka Mbagala amesimama palepale akimharakisha. Mkasi ulianguka. Akainama auokote, vidole vikagoma. Akafungua kinywa amwambie mteja asubiri kidogo, yakatoka maneno yaliyolegea kama ya mtu aliyelewa gongo, hata mwenyewe hakuyaelewa. Mteja akarudi nyuma hatua mbili. Gaspar, seremala wa banda la jirani aliyezoea kumtengenezea fremu za mbao, akaacha randa yake, akaja mbio na kumkalisha juu ya rundo la sponji.

Ilikuwa kama dakika kumi. Kisha vidole vikaanza kuchomachoma, kama vya mtu aliyeulalia mkono, na maneno yakarudi mahali pake. Anjelina akainuka, akaokota mkasi, akamalizia kukata. Gaspar akamsihi aende nyumbani.

"Kochi linaondoka saa tisa," Anjelina akasema, na kochi likaondoka saa tisa.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa na miaka ishirini na miwili, akaanza kwa kuwauzia mafundi wa Keko uji na maandazi. Mumewe alipofariki, alimwomba fundi sofa mmoja amfundishe kazi. Fundi akacheka, akasema kuvuta kitambaa mpaka kikaze kunataka mikono ya kiume. Anjelina akawa anaokota makochi mabovu yaliyotupwa, na kila Jumapili baada ya misa anayafumua moja baada ya jingine, anatazama springi zilivyofungwa na magunia yalivyotandikwa, kisha anayarudishia. Miaka mitatu baadaye yule fundi ndiye aliyekuwa akimletea kazi zilizomshinda. Sasa Anjelina alikuwa na miaka hamsini na minane na banda lake mwenyewe kando ya barabara. Alikuwa pia na presha. Dawa zake alizimeza siku alizokumbuka, na hakukumbuka sana.

Jioni ile, kabla hajafika nyumbani Yombo, habari ilikuwa imeshamtangulia. Sebuleni aliwakuta watu wawili wakimsubiri kama wazee wa baraza. Mmoja alikuwa wifi yake Monica, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka pale. Wa pili alikuwa Wilfred, mwanawe wa pekee, wakala wa forodha huko Kurasini, bado na kitambulisho cha bandarini shingoni.

"Wifi, umetupiwa kitu," Monica akaanza. "Mkono wa mtu mzima haufi hivihivi. Pale Keko wanakuonea kijicho siku nyingi. Namjua mtaalamu mmoja, kesho tunakwenda."

"Aunt, siyo hayo," Wilfred akasema. "Mama amechoka. Mama, funga banda. Nenda Masasi ukapumzike, mie nitakuwa nakutumia kila kitu."

Anjelina akavua kandambili zake, akaketi.

"Mmoja anasema uchawi, mwingine anasema uzee. Mmekaa humu tangu saa ngapi, na hakuna aliyeniuliza mie nasemaje."

"Haya, mama, unasemaje?"

"Nasema sijui. Na nataka kujua."

Gaspar ndiye aliyemwonyesha njia. Kwenye ukumbi wa parokia, alisema, kuna watafiti wa hospitali wanapima bure mishipa ya shingo kwa wenye miaka hamsini kwenda mbele walio na presha au kisukari. Wanataka kujua ni watu wangapi wa Temeke wanatembea na mishipa iliyoziba bila habari. Alhamisi asubuhi Anjelina akaenda. Akapewa fomu, akaulizwa kuhusu sigara, chumvi na usingizi. Akaulizwa kama amewahi kupooza, akajibu hapana, maana mkono wake ulikuwa umerudi. Akapewa namba mia moja na kumi na saba.

Mpiga picha aliitwa Edgar, mtu mpole mwenye miwani. Alimwamkia, akamlaza kitandani nyuma ya pazia, akampaka shingoni jeli ya baridi, kisha akaanza kuteleza juu yake na kile kifaa cha altrasaundi kinachoshikwa kama pasi ndogo. Anjelina alikuwa akiiona runinga kwa pembe ya jicho: mawingu ya kijivu, na katikati yake mfereji mweusi. Edgar akabonyeza mahali, mfereji ukajaa rangi nyekundu, na damu ikaanza kusikika. Shwaa, shwaa, shwaa. Sauti nzito, ya kutulia. Huo ulikuwa upande wa kulia.

Upande wa kushoto sauti ilibadilika. Ikawa nyembamba, kali, kama upepo unaopenya kwenye ufa wa dirisha. Edgar akapima. Akafuta, akapima tena. Halafu, polepole, akaigeuza runinga kidogo kuelekea ukutani.

"Tumemaliza, mama. Jifute jeli, unaweza kwenda. Picha zitapitiwa na mabingwa, na mwenye tatizo ataitwa ndani ya wiki sita."

"Kulia umepima dakika tano," Anjelina akasema. "Kushoto umekaa robo saa. Umeona nini?"

"Mama, mie siruhusiwi kutoa majibu. Kazi yangu ni kupiga picha."

"Picha ya shingo ya nani, mwanangu?"

Edgar akasafisha miwani yake.

"Ya kwako, mama."

"Basi geuza hiyo runinga."

"Utaratibu wa utafiti..."

"Sishuki."

Na hakushuka. Alikunja mikono kifuani, akalala pale chali na jeli ikimkaukia shingoni. Upande wa pili wa pazia watu wa foleni wakaanza kunong'ona, halafu kulalamika. Mmoja akasema mama huyo anajifanya ukumbi ni wa kwake. Anjelina aliwasikia wote. Moyoni aliogopa, tena sana, lakini hofu yake ilikuwa ya aina moja tu: kuondoka pale na kukaa wiki sita na kitu ambacho mtu mwingine amekiona ndani yake, na yeye hakijui.

Ikabidi Edgar amwite kiongozi wa utafiti, Daktari Kokushubila, mwanamke mrefu ambaye Kihaya kilikuwa bado kinasikika chini ya Kiswahili chake. Akaja amekunja uso, kalamu mkononi.

"Mama, kuna wenzako arobaini nje."

"Najua, daktari. Nitawaomba radhi mmoja mmoja. Lakini Jumanne mkono huu wa kulia ulikufa dakika kumi, na ulimi ukapinda. Fomu yenu imeniuliza kama nimepooza, nikasema hapana kwa sababu ulirudi. Sasa huyu ameona kitu kushoto. Mie nauliza hivyo viwili vinajuana?"

Daktari alikuwa amesimama. Akavuta stuli, akaketi. Akamtazama Edgar, Edgar akaitikia kwa kichwa mara moja. Daktari akanyoosha mkono, akaigeuza runinga.

"Vinajuana," akasema. "Tazama hapa. Huu ndio mshipa unaopeleka damu upande wa kushoto wa ubongo. Huo upande ndio unaoendesha mkono wako wa kulia na maneno yako. Huu weusi ni damu inapita. Na hiki cheupe kilichojibana ukutani, ni mafuta na chokaa. Kimejijenga miaka mingi. Hapa njia imebaki nyembamba sana, ndiyo maana umesikia ile sauti."

"Na Jumanne?"

"Jumanne kipande kidogo kilichomoka, kikapanda juu, kikaziba, kisha kikayeyuka. Umepata kiharusi kidogo kilichoondoka chenyewe. Kinachofuata kinaweza kisiondoke. Na hatari kubwa iko siku hizi hizi, mama, siyo mwaka ujao."

"Siku hizi hizi," Anjelina akarudia. "Na nyie mliniambia wiki sita."

Daktari Kokushubila hakujitetea. Aliandika barua ya rufaa palepale juu ya goti lake, akampa vidonge vya kuzuia damu isigande ameze cha kwanza mbele yake, akampa na namba yake ya simu. Anjelina alipotoka nje ya pazia alifanya alichoahidi: alipita kwenye foleni, benchi kwa benchi, akiomba radhi. Yule aliyesema anajifanya ukumbi ni wa kwake alijitia anasoma fomu.

Katika hospitali kubwa alilazwa kwenye mashine ya duara, akachomwa dawa iliyompasha joto mwili mzima, na picha mpya ikathibitisha: mshipa wa kushoto ulikuwa umeziba kwa asilimia themanini. Daktari wa upasuaji alimpangia maneno bila kuyapaka sukari. Dawa atakunywa maisha yake yote, achague asichague upasuaji. Kwa dawa peke yake, karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye mshipa kama ule hupata kiharusi ndani ya miaka miwili. Kwa kufungua mshipa na kuukwangua, hatari inapungua sana, lakini katika upasuaji wenyewe nako, watu wachache katika kila mia hupata kiharusi palepale mezani.

"Kwa hiyo mie nachagua mlango upi wa hatari nipite," Anjelina akasema.

"Ndivyo ilivyo, mama."

Bima ya Wilfred ilikubali kumbeba mama yake. Wilfred mwenyewe hakukubali. Jumamosi wakakaa kikao cha familia, na kwa mara ya kwanza yeye na shangazi yake wakawa upande mmoja.

"Kukatwa shingo," Monica akasema, akijishika yake. "Wifi, hata kuku akikatwa shingo..."

"Kuku hakatwi na daktari."

"Mama, ukifia mezani mie nitasema nini kwa watu?" Wilfred akauliza. Sauti yake haikuwa ya ubishi tena. "Sasa hivi mzima. Unatembea, unaongea. Kwa nini tuguse?"

Anjelina alijua kinachomsumbua mwanawe. Baba yake aliingia hospitali akitembea, akatoka amebebwa, na Wilfred wakati huo alikuwa darasa la nne.

"Mwanangu, ukisema unaogopa nitakuelewa. Mie pia naogopa. Lakini usiniambie mzima. Nimekiona kwa macho yangu hicho kitu, kimekaa hapa." Akaweka kidole chini ya taya. "Mnataka nikae nikisubiri kije kuninyang'anya mkono na mdomo, halafu mnilishe uji kwa kijiko na mseme ni kazi ya Mungu. Sikatai kazi ya Mungu. Nakataa kukaa. Shingo ni yangu, na fomu nitatia sahihi mwenyewe."

Akatia sahihi mwenyewe, kwa mkono wa kulia, siku ya kumi na mbili tangu mkasi uanguke.

Hakulazwa usingizi. Hilo ndilo lililowashangaza watu wote aliowasimulia baadaye. Walimtia ganzi shingoni tu, kwa sababu walitaka aongee. Watakapoubana mshipa, daktari alimweleza, ubongo wa upande ule utategemea mshipa wa pili, na njia ya kujua kama unatosheka ni kumsikia akiongea na kumwona akitumia mkono. Wakampa kidude cha mpira cha kuchezea watoto, kile kinacholia kikibinywa. Wakafunika uso wake kwa kitambaa cha kijani kilichoacha nafasi ya kupumulia, na nesi mmoja akaingiza kichwa chini ya kitambaa awe anamtazama.

"Tunabana sasa, mama. Binya."

Akabinya, kidude kikalia.

"Ongea, mama. Chochote."

Anjelina akafikiria kusali, akaona sala anaijua kwa moyo mno, inaweza kutoka hata ubongo ukiwa umelala. Akataka kitu cha kufikiria. Basi akaanza kumfundisha yule nesi kutengeneza kochi. Unaanza na fremu, akasema, unaitikisa, ikilia unairudisha kwa seremala usimwonee haya. Unafunga mikanda ya mpira, unaivuta mpaka ukiipiga inatoa mlio. Springi unazifunga kwa kamba pande nne, siyo mbili, mafundi wavivu wanafunga mbili. Juu yake gunia. Juu ya gunia sponji, na sponji usinunue ile inayobonyea ukikaa ikabaki hivyohivyo.

"Binya."

Kidude kikalia.

Alikuwa akihisi kuvutwa na kukwanguliwa ndani ya shingo yake, bila maumivu, lakini mtu anajua anapokwanguliwa. Machozi yalimtoka yakaelekea masikioni. Nesi akayafuta, na Anjelina akaendelea na kitambaa, jinsi unavyoanza kukipigilia katikati na siyo kwenye kona, na jinsi maua ya kitambaa yanavyotakiwa kusimama wima kwenye mto kama yalivyosimama mgongoni. Dakika thelathini na nane. Alipofika kwenye vifungo, mtu upande wa pili wa kitambaa cha kijani akasema damu imerudi.

"Sijamaliza," Anjelina akasema.

"Maliza, mama," daktari akajibu. "Hata mie nina kochi limebonyea."

Hakutoka mzima kama alivyoingia. Sauti ilikwaruza kwa mwezi mmoja. Kovu lilishuka kutoka nyuma ya sikio karibu lifike mtulingani, na kona ya mdomo wake upande wa kushoto ilishuka kidogo, kwa sababu mshipa mmoja mdogo wa fahamu ulivutwa wakati wa kazi. Waliambiwa huenda itarudi. Haikurudi yote. Monica, alipokuja kumwona, aliketi pembeni ya kitanda akaitazama ile kona ya mdomo bila kuificha.

"Si unaona, wifi," akasema taratibu. "Nilikwambia."

"Mdomo umepinda," Anjelina akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza. "Ulimi haujapinda. Nipe huo uji, nitakunywa mwenyewe."

Miezi miwili baadaye alikuwa Keko, akishona.

Miezi mitano baadaye watafiti waliwaita watu ukumbini kuwaeleza walichokipata. Daktari Kokushubila alisimama mbele na picha ukutani: watu mia tatu na ishirini wamepimwa, asilimia fulani wana uchafu kwenye mishipa, asilimia fulani mshipa umeziba zaidi ya nusu. Watu wakapiga makofi ya heshima. Anjelina akasimama.

"Mie nilikuwa namba mia moja na kumi na saba. Nilipata majibu siku ileile kwa sababu niligoma kushuka kitandani. Hao wengine ambao mshipa umeziba, ambao wana adabu na walishuka, wako wapi?"

Daktari hakukwepa. Alisema walikuwa kumi na wanne. Barua na simu zilikwenda baada ya wiki sita. Wanane walifika. Wawili walikutwa wameshapata kiharusi, na mmoja wao alishazikwa. Wanne simu hazipatikani.

"Baada ya siku ile yako, mama, niliiandikia kamati," akaongeza. "Utaratibu umebadilishwa. Sasa mwenye picha mbaya anaambiwa kabla hajatoka mlangoni. Lakini waliopita kabla ya mabadiliko walipita kwa utaratibu wa zamani, na utaratibu ule nilikuwa nimeuandika mie."

Lilikuwa jambo gumu kulisema mbele za watu, na Anjelina alilipokea hivyo. Hakupiga makofi. Aliketi, na mkutano ulipokwisha akamfuata.

"Wale wanne wanakaa mitaa gani?"

"Mama, hizo ni siri za wagonjwa."

"Basi muulize kila mmoja akipatikana kama anataka kuongea na mie. Nyie tafuteni, mie nitakuwepo."

Watatu Edgar aliwapata kupitia wajumbe wa mashina. Wa nne aliitwa Venance, mpakia nyama huko machinjioni Vingunguti, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye mabega ya ng'ombe. Alipopatikana alimwambia Edgar kwamba hana tatizo, kwamba anabeba paja zima begani kila asubuhi, na kwamba huyo mama mwenye kovu akitaka kuja aje, lakini asimpotezee muda.

Anjelina akaenda, Edgar akiwa nyuma yake. Venance alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya machinjio baada ya zamu, buti za mpira bado miguuni, nzi wakimzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshawahi kuona giza jicho moja, au mkono kufa ganzi?"

"Hapana. Mie mzima."

"Hata mie nilikuwa mzima. Wiki nzima nilikuwa mzima, isipokuwa dakika kumi."

Akashusha kanga yake begani, akampa shingo aitazame. Venance aliitazama kama mtu anayejua kisu kilipopita.

"Waliokata ni mafundi," akasema. Kisha, "Mie sitaki kukatwa."

"Huenda usikatwe. Wengine wanapewa dawa tu. Lakini hujui, na wewe hutaki kujua."

"Sitaki."

"Sawa. Nitarudi Alhamisi."

Akarudi Alhamisi, Venance akamkimbia kwa kupitia mlango wa nyuma. Akarudi Jumatatu iliyofuata, akamkuta amekaa, wakaongea habari za bei ya ng'ombe na watoto wake watatu, na Anjelina hakutaja shingo hata mara moja. Mara ya nne alikuja na kazi yake, mto wa kochi ambao haujafungwa vifungo. Akaketi kwenye benchi akitunga sindano ndefu, watu wa machinjio wakipita na kumwangalia.

"Mama, utakuja mpaka lini?" Venance akauliza.

"Mie nina kazi ya mikono. Naweza kuifanyia popote."

Anjelina akafunga kifungo cha tatu. Halafu Venance akavua buti, akaziosha bombani, akaingia ndani kuomba ruhusa kwa msimamizi wake. Edgar, aliyekuwa amesimama kivulini akijifanya anasoma simu, akaenda kutafuta bajaji.